Tumefungwa mechi tano mfululizo kwa jumla ya pointi nane tu, dada nisaidie

BARUA

Shikamoo dada,

Mimi ni msichana wa miaka 23, niko mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Dar na ni kepteni wa timu yetu ya basketi ya wasichana, nacheza namba moja, yule anayepandisha mpira. Safu yako naisomaga kila wiki ila sikuwahi kuwaza na mimi ntakuja kuandika, maana wengi wanaleta mambo ya ndoa na wachumba na langu ni la mpira, lakini dada linaniuma kuliko hayo ya wachumba, naomba usilipuuze.

Msimu huu kwenye ligi ya vyuo tumecheza mechi tano na zote tumefungwa. Tungekuwa tunapigwa pointi thelathini ningesema sawa, hatujui mpira, tukubali yaishe. Sasa angalia: ya kwanza 41-40. Ya pili 52-49. Ya tatu 38-37. Ya nne 47-45. Na hii ya Jumamosi iliyopita 50-49. Ukijumlisha ni pointi nane dada, pointi nane tu mechi tano nzima, na kwenye msimamo tuko mkiani sawa na timu inayofungwa 70-20, tena wale wanatucheka.

Mechi ya tatu tulikuwa tunaongoza 37-36 zimebaki sekunde ishirini na mpira wetu, tulichotakiwa ni kuuvusha tu mpira tukae nao, wakanibana wawili pembeni nikashindwa kuvuka nusu ya uwanja refa akapuliza sekunde nane, yani muda wa kuvusha mpira umeisha, wakapewa mpira wakafunga. Kocha hakuwa na taimauti (ile ya kusimamisha mechi kidogo aongee na sisi) hata moja ya kuniokoa, mara nyingi zinakuwa zimeisha mapema tukianza kuzidiwa. Mechi ya nne tuko 45-45 sekunde tisa zimebaki, binti wao akachukua mpira akatupita wote kama tumesimama akaweka lei-apu. Nyumbani kwetu hapo, mbele ya watu wetu.

Alafu hii ya Jumamosi ndo imenimaliza kabisa. Sekunde nne zimebaki tuko nyuma pointi moja, nikafanyiwa faulo, nikapewa frithroo mbili, yani mitupo ya bure. Nikakosa ya kwanza. Nikakosa ya pili. Ribaundi, yani mpira uliorudi, wakachukua wao mechi ikaisha. Nlikaa pale pale chini kwenye mstari mpaka mzee mmoja wa meza ya waamuzi akaja kuniinua. Kwenye daladala hakuna aliyeongea na mimi, na usiku kwenye grupu la timu rumeti wangu, ambaye ndo rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza, ndo namba tano wetu, yule wa chini ya goli, akaandika "mtu ana mwaka wa tatu huu hata frithroo moja inamshinda afu ndo kepteni". Watu wanne wakaweka zile emoji za kulia. Tunalala chumba kimoja dada, kitanda cha juu na cha chini, na toka siku hiyo hatujasalimiana.

Sasa wengine kwenye timu wanasema tumerogwa, eti kuna chuo mwaka jana tuliwafunga fainali ndogo wakaapa hatutashinda tena. Wameanza kuchangishana elfu tano tano tukaone mtaalamu huko nje ya mji, tuko tisa, na wanasema kepteni nisipochangia ndo mimi ninayezuia. Mimi nasali, siyataki hayo mambo, ila kusema ukweli usiku nikilala najiuliza mbona kila mechi inaisha vile vile, kama kuna mtu amekaa mahali anasubiri dakika ya mwisho.

Kocha wetu ni mtu mzuri, ni mwalimu hapa hapa chuoni anatufundisha kwa kujitolea, hata nauli saa nyingine anatoa yeye. Ila tukienda mapumziko anaongea mwanzo mwisho, tunakaa kwenye majani nyuma ya goli tunasikiliza makosa yetu mpaka filimbi ya kurudi uwanjani. Siku hizi na yeye kashaanza kusema "nyie hamna roho ya ushindi". Ikifika dakika mbili za mwisho naona kabisa wenzangu wananiangalia kama wanasubiri nikosee, na mimi mikono inakuwa mizito.

Na mama. Mama yangu anauza chakula Mbagala, raba za basketi ninazovaa alininunulia na hela ya kikoba. Kila Jumamosi usiku ananipigia "haya mwanangu mmeshinda?" na mimi nimeanza kumdanganya, mara mbili nimemwambia mechi imeahirishwa.

Zimebaki mechi tatu na huu ndo msimu wangu wa mwisho. Nataka kuandika barua ya kuachia ukepteni kabla ya Jumamosi, au niache kucheza kabisa nisome tu, maana UE, mitihani ya chuo, nayo iko karibu. Je ni kweli kuna timu inakuwa na mkosi? Nimekupigia picha skoshiti zote tano, zile karatasi za kuandikia pointi na faulo za mechi, nikakuwekea humu, maana umeshawahi kuandika kwamba ulicheza na kufundisha, labda wewe utaona kitu.

Kepteni, mwaka wa tatu


JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma Jumatatu asubuhi nikashindwa kuendelea na kazi nyingine. Siwezi kulipuuza hili, mimi mwenyewe nimekaa chini kwenye mstari ule, miaka mingi imepita na bado najua sakafu yake ilivyokuwa ya moto. Na umefanya jambo moja la maana sana ambalo naona hata hujajua kama ni la maana, umetuma skoshiti. Nimekaa nazo jioni nzima na kalamu na daftari, kwahiyo nikujibu kutoka humo kwanza, ya rumeti na mama tutafika.

Nilianza na frithroo kwasababu ndo zinazokunyima usingizi. Jumamosi timu yako ilipiga frithroo 21 ikapata 8. Yaani mmekosa 13. Mbili kati ya hizo ni zile zako za sekunde nne, na hizo ndo watu wote wanazikumbuka mpaka leo, lakini saba zilikosekana kabla ya mapumziko, mkiwa mnaongoza, mkiwa mnacheka, na hakuna aliyekaa chini kulia wala aliyeandika kitu kwenye grupu. Ile ya robo ya kwanza iliyogonga chuma ikatoka ingeingia, ile mechi mnaenda muda wa nyongeza. Zingeingia mbili, wewe unasimama pale mstarini mkiwa mbele. Pointi ya dakika ya tatu na pointi ya dakika ya 40 kwenye ile karatasi zinaandikwa sawa sawa, hakuna ya wino mwekundu. Nikajumlisha mechi zote tano: mmepiga 87, mmepata 34, mmepoteza 53. Hamsini na tatu, kwenye msimu mliofungwa kwa pointi nane. Na majina yote tisa yamo kwenye kukosa, likiwemo la huyo aliyeandika kwenye grupu.

Sasa shika hili jingine, maana hili ndo limenifanya nisimame kwenye kiti. Nimechukua robo za tatu za mechi zote tano nikaziweka pamoja. Nyie 41, wao 68. Alafu nikachukua robo zilizobaki, ya kwanza, ya pili na ya nne za mechi zote, nikakuta nyie ndo mmewazidi wao kwa pointi 19. Rudia kusoma hapo mdogo wangu. Robo ya nne, hiyo unayosema kuna mtu amekaa mahali anawasubiri, hamzidiwi kabisa, Jumamosi ilikuwa 13 kwa 13. Mnazidiwa ile robo ya baada ya mapumziko. Jumamosi mlienda mapumziko 29-23, mkarudi mkapata pointi saba tu, wao 14. Ligi nzima inaangalia dakika ya mwisho na nyie mnavuja kwenye dakika kumi ambazo hakuna anayeziongelea.

Na sababu umeiandika mwenyewe bila kujua, pale uliposema mnakaa kwenye majani mnasikiliza makosa mpaka filimbi. Mwili umetoka jasho, umekaa chini muda wote ule, misuli inapoa na kukaza, kichwa kimejaa makosa, alafu mnaingia moja kwa moja kukabana na watu waliokuwa wanapasha. Kuna na kingine ambacho wengi hawakiwazi. Baada ya mapumziko timu zinabadilishana magoli. Lile goli la kipindi cha pili, kwenye kupasha kwa mwanzo hamkulitumia, mlipashia lile la kwanza, kwahiyo kama mapumziko hamuinuki basi shuti yenu ya kwanza kwenye ringi ile ni shuti ya mechi. Na ringi zetu za vyuo unazijua, moja imelegea inapokea kila kitu, nyingine ni ngumu kama jiwe, ubao wa huku unarudisha mpira wa huku unaumeza. Wenzenu wanatoka majanini mapema wanalipiga piga wanalijua. Nyie mnalijulia kwenye skoshiti.

Kutoka hapo yote mengine yanafuata kwa mstari. Mkianza kuzidiwa robo ya tatu kocha anaita taimauti, ni haki yake, mtu yeyote angeita. Ila kipindi cha pili kizima mnazo tatu tu. Mechi ya tatu zote tatu zilikwisha kabla robo ya nne haijaanza, nimeziona zimekatwa pale chini ya karatasi. Kwahiyo mlipotaka kuuvusha mpira kwenye zile sekunde ishirini kocha hakuwa na cha kuita. Kama ingebaki hata moja, kwa sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, ndani ya dakika mbili za mwisho timu inayopewa mpira wa kurusha huko nyuma kwake ikichukua taimauti kabla haijaurusha, kocha anaweza kuchagua mpira urushwe kutokea upande wa mbele, yani zile sekunde nane zisingekuwepo kabisa. Hukukosa ujasiri siku ile. Ulikosa taimauti, na taimauti iliibiwa na robo ya tatu.

Na rumeti wako angalia jina lake. Mechi tatu kati ya tano amepata faulo yake ya tano, ile inayomtoa mchezaji, na faulo zake nyingi ziko robo ya tatu, mkirudi mmepoa mnakimbizwa na yeye ndo anabaki peke yake chini ya goli kuzuia watu wanaokuja kasi. Jumamosi alitoka mwanzoni mwa robo ya nne. Alikuwa benchi na taulo wakati wewe unapiga zile frithroo, hawezi kuruka ribaundi, hawezi kufanya kitu chochote, anaangalia tu. Mimi nimekaa benchi na faulo tano, nakwambia ni mahali pabaya kuliko mstarini. Simtetei kwa alichoandika, alikosea sana, maneno kama yale huyaweki mbele ya watu nane wengine. Lakini naamini alikuwa anajiandikia yeye akaweka jina lako.

Kwahiyo leo, usisubiri kesho, mkiwa wawili chumbani taa haijazimwa, mwambie neno moja tu: "Nimeziona faulo zako za robo ya tatu, tumekuacha peke yako pale chini, na mimi ndo natakiwa nirudi kukusaidia." Anza na hilo. Usianze na grupu, usianze na "uliniumiza", hilo litakuja lenyewe na akiwa na moyo atalianzisha yeye. Akikaa kimya muache alale. Na lile grupu usijibu kitu humo, hata emoji.

Sasa hizi elfu tano tano. Kuomba ombeni, kabla ya mechi na baada, kila mtu kwa imani yake, hakuna anayewazuia. Lakini hela ya mtaalamu usitoe, na usikatae kwa kujificha, waambie wazi kwenye mazoezi kwamba hela hiyo unayo na unaitoa kwa kitu kingine. Mko tisa, ni elfu arobaini na tano. Hela hiyo inanunua maji ya kutosha mechi zote tatu, ndizi na glukosi za mapumziko, na bado chenji inabaki. Umenigusia UE iko karibu, najua wiki hizi mnatoka kwenye pindi mnakimbilia uwanjani na chipsi kavu ya saa sita tumboni au hamna kitu kabisa, boom, hela ya mkopo wa chuo, nayo imeshakata. Jua la saa kumi la Dar na tumbo tupu, hapo huhitaji mtu wa kukuroga.

Ya kocha nenda kwa adabu. Mwalimu anayewatolea nauli yake mfukoni huyo mshikeni vizuri, na hilo la "hamna roho ya ushindi" amelisema kwa uchungu tu, na yeye analala na zile mechi. Nenda na mwenzako mmoja, ikiwezekana rumeti mkiwa mmepatana, mkute ofisini kwake asubuhi, sio uwanjani mbele za watu. Mpe karatasi yenye namba mbili tu, 41 na 68. Usimwambie anaongea sana. Mwambie, "Mwalimu tunaomba mapumziko utupe mambo mawili tu ya kurekebisha, alafu dakika tano za mwisho utuache tupashe kwenye goli la pili." Kocha yeyote anayeipenda timu yake akiona 41 kwa 68 atakuelewa bila maelezo. Na muombe awabakizie taimauti moja mpaka dakika mbili za mwisho, liwe liwalo, hata mkizidiwa saba kwa sifuri. Hapo anaweza kuingiza watu wa benchi badala ya kuita taimauti, mabadiliko hayana idadi.

Mazoezini badilisheni vitu viwili. Frithroo msizipige kumi kumi mkiwa mmesimama mnapiga stori. Mechi haikupi kumi za mfululizo, inakupa mbili tena ukiwa unahema. Kimbieni mistari yote kwenda na kurudi, ukifika piga mbili, kimbia tena, wenzako wamesimama pembeni wanakupigia kelele. Na ukiwa mstarini una sekunde tano tangu refa akupe mpira, zile ni nyingi kuliko unavyodhani, zitumie zote. Dunda mara tatu, pumua nje, angalia nyuma ya ringi, piga. Kila siku hivyo hivyo mpaka mikono iwe inajiendea yenyewe bila kukuuliza. Uliposema mikono inakuwa mizito nilielewa kabisa, mikono inakuwa mizito pale kichwa kinapokuwa hakina kazi nyingine zaidi ya kuogopa, kwahiyo kipe kazi ya kuhesabu madundo.

Cha pili, kila siku mwisho wa mazoezi wekeni dakika mbili kwenye simu, andikeni chini mko nyuma moja, au mbele moja, au sare na mpira ni wao, alafu chezeni kweli na mtu wa kupiga filimbi. Mechi ya nne kwa mfano, 45-45 na sekunde tisa, kwenye karatasi naona robo ile mlikuwa mmefanya faulo mbili tu kama timu. Frithroo zinaanza faulo ya tano ya robo. Maana yake mlikuwa mnaweza kumshika yule binti mapema kule juu, mkiuendea mpira kihalali, kabla hajaanza kurusha, na wasingepata kitu zaidi ya kurusha mpira pembeni na sekunde zao zinapungua, alafu mkaifanya tena. Mkamuacha akapita kwasababu wote mliogopa kufanya faulo. Haya ni mambo ya kujua tu, hayana uhusiano na roho.

Nikwambie na hadithi moja ya kweli maana wewe ni mtu wa basketi utaielewa. Kile chuo cha Marekani alichosoma Hasheem Thabeet wetu, Connecticut. Machi 2009 Hasheem yuko uwanjani New York wanacheza na Syracuse, mechi ikaenda muda wa nyongeza mara sita, sio moja, sita, na mwisho wakafungwa 127-117. Fikiria uchovu wa kupoteza mechi kama ile. Wiki chache mbele timu ile ile ilikuwa kwenye nne bora ya nchi nzima, na Juni mwaka huo Hasheem akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi kuu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya.

Lakini mimi zaidi napenda uwaangalie wasichana wa chuo hicho hicho. Hao walichukua ubingwa wa Marekani mwaka 2016 ukiwa wa nne mfululizo. Nusu fainali ya 2017 wakaingia wakiwa wameshinda mechi 111 bila kupoteza, wakafungwa na Mississippi State 66-64 muda wa nyongeza, shuti ya mwisho kabisa. 2018 nusu fainali tena, Notre Dame 91-89, muda wa nyongeza tena, ikiwa imebaki sekunde moja. 2024 nusu fainali na Iowa ya Caitlin Clark, wako nyuma moja na mpira wao, sekunde nne hivi zimebaki, mchezaji wao akapulizwa faulo kwenye kumzibia njia beki wa Iowa, mechi ikaisha 71-69. Marekani nzima ikabishana juu ya ile filimbi. Nyota wao Paige Bueckers aliulizwa akakataa kuitupia lawama, akasema hakuna tukio moja linaloshinda mechi wala linalopoteza mechi, na kwamba yeye mwenyewe alifanya makosa mengi kabla ya hapo. Mwaka uliofuata, Aprili 2025, wakachukua kombe, fainali wamemfunga South Carolina 82-59. Sikulinganishi na hao, wana gym na madaktari na chakula, nyie mna uwanja wa lami na mwalimu mwenye moyo. Nimeitaja kwa ajili ya yule msichana aliyepulizwa faulo. Mwenzake alisimama mbele ya kamera akambeba. Kwenye timu yako Jumamosi ile hakuna aliyekubeba, na wewe ndo kepteni, kwahiyo najua ilikuwa baridi sana.

Ukepteni usiachie. Ungekuwa umeniambia umechoka mwili, au masomo yanakuzidi kweli, ningekwambia pumzika mdogo wangu, degree kwanza. Lakini unataka kuacha kwasababu ya frithroo mbili kati ya 53, na hiyo barua ukiiandika wiki hii utakuja kuisoma ukiwa na miaka arobaini. Ni mechi tatu. Cheza zote tatu, sikuahidi mtashinda hata moja, mnaweza mkafungwa tena kwa moja, mpira ndivyo ulivyo, timu mbili zikilingana bahati nayo inakula sehemu yake na mwaka huu kwenu imekula upande mmoja. Ila nataka hiyo robo ya tatu ibadilike, hiyo iko mikononi mwenu.

Na mama umpigie wewe kabla hajakupigia. Mwambie "mama tumefungwa zote tano, kwa pointi nane tu, na ile ya mwisho nilikosa mimi." Mwanamke anayelisha watu Mbagala akatoa raba kwenye kikoba hawezi kuvunjwa na 50-49, kinachomuumiza ni mtoto wake akianza kuwa na sauti ya kuficha, na mama anaisikia hiyo hata kwenye mtandao mbovu. Muombe afunge jiko mapema Jumamosi moja kati ya hizi tatu aje akae pembeni ya uwanja. Hajawahi kuja, sio? Hujaandika popote kama aliwahi kukuona ukicheza.

Jumamosi kuleni saa saba, chakula cha kweli, wali au ugali na kitu cha pembeni. Mkifika mapumziko wewe ndo uwe wa kwanza kuinuka kwenye yale majani na kwenda kulipiga lile goli la pili, wengine watakufuata. Alafu usiku huo huo nipigie picha skoshiti uniwekee, nitaanza kusoma robo ya tatu.

Dada yako